Sikuizima, Niliibadilisha Tu

Mara ya mwisho niliachana nanyi nikiwa mlangoni kwetu, sanduku la bati begani, barua ya kusimamishwa masomo mfukoni, na usoni nimevaa sura ya mtakatifu aliyeonewa.

Kwa aliyefungia maandazi ukurasa wa wiki iliyopita kabla hajausoma, nitafupisha. Kengele ya shule yetu ilipasuka. Nikaona si haki kiumbe aliyetuamsha kwa uaminifu miaka yote ile atupwe jalalani kama chuma chakavu. Nikamwandalia mazishi. Kulikuwa na waombolezaji, kulikuwa na kwaya ya bweni letu, na kulikuwa na mimi ndani ya shuka jeupe nikisoma wasifu wa marehemu.

Nilipofika pale pa "ameacha pengo lisilozibika", nililia. Nililia kweli, machozi kwa kamasi. Wenzangu walipiga makofi, wakasema nina kipaji. Makamu wa mkuu wa shule, aliyekuwa amesimama nyuma ya kwaya bila kualikwa, hakupiga.

Mwezi mmoja kabla ya hapo tulikuwa tumemzika mama yangu. Siku ile sikutoa hata tone. Watu walinipigapiga bega wakasema mimi ni mwanamume. Machozi ya mama yangu yakaja kuchukuliwa na kengele.

Basi, mlango ukafunguliwa. Baba.

Nilijiandaa kwa kofi. Nilikuwa hata nimechagua shavu.

"Nawa mikono," alisema. "Njoo uwaone watoto."

Watoto? Mimi ni mwana wa pekee. Nikamtazama Shangazi, dada yake mkubwa, aliyehamia kwetu tangu msiba. Akanikonyeza nifuate, nifunge mdomo.

Tukaingia stoo. Chini palikuwa na sanduku la mbao, lina bawaba na kijimlango, limepigwa msasa mpaka linateleza. Baba ni seremala. Juu ya sanduku alikuwa ametandika gunia, na waya ulishuka kutoka darini ukapenya kwenye gunia, mwishoni mwake balbu ya kizamani, ile yenye kiuzi ndani, inawaka njano mchana kweupe.

Chini ya balbu: vifaranga. Wamejilaza, wamefumba macho, kama wageni wa heshima baada ya kula.

"Ni wa Mwenyekiti," Baba alisema.

Mwenyekiti alikuwa kuku wetu. Mama ndiye aliyempa jina, kwa sababu, alisema, hajaona kiumbe anayekalia kiti kwa moyo kama yule. Siku alipokwenda hospitali kwa mara ya mwisho, kabla hajavaa viatu, alimwekea Mwenyekiti mayai, kila moja amelichora msalaba kwa penseli asije akayachanganya na yatakayotagwa baadaye. Akasema, "Nikirudi tutahesabu vichwa."

Hakurudi. Mwenyekiti akaendelea na kikao. Aliangua, akawalea siku chache, kisha mbwa wa jirani akamaliza uongozi wake.

"Kaka yangu alikuwa amekwisha," Shangazi aliniambia baadaye jikoni, kwa sauti ya chini. "Hali. Hanyoi. Karakana imefungwa mpaka buibui wamehamia kwenye kufuli. Siku mbwa alipomla yule kuku, nilimkuta ameinama uani amewakumbatia vifaranga kwenye shati. Akaniambia, 'Dada, randa yangu iko wapi?' Hilo sanduku ndicho kitu cha kwanza alichokitengeneza tangu tuzike."

Mle stoo Baba alichuchumaa akawatazama. Kisha akanitazama mimi.

"Hawa na wewe ni kitu kimoja. Mmebaki na baba tu."

Nikachuchumaa kando yake.

"Kesho nakwenda shuleni kwako kukuombea," akaendelea. "Nitalala huko, nirudi asubuhi yake. Wewe nakuachia kazi moja."

"Ipi, Baba?"

"Usiizime taa ya hawa watoto. Mchana, usiku, usiizime. Umenisikia?"

"Siizimi, Baba."

"Niangalie. Rudia."

"Siizimi."

Nataka mlikumbuke neno hilo. Mimi nililikumbuka vizuri mno.

*

Asubuhi Baba alivaa koti la harusi, kwa kuwa ndilo koti, akaondoka. Hajafika barabarani, mita ya umeme ikaanza kulia pii, pii, pii.

"Isikilize!" Shangazi alisema. "Umeme wa nyumba hii una mdomo mpana kuliko wangu. Unakula, haushibi, na bado unalalamika."

"Si umeme, Shangazi. Ni balbu."

"Balbu zimefanya nini?"

Hapo nikasimama katikati ya jiko, mwiko mkononi kama fimbo ya kufundishia. Somo hili ndilo pekee ambalo mwalimu aliwahi kuniandikia "safi sana".

"Balbu hizi za uzi ni wezi. Ukiipa umeme, sehemu kubwa haitoki kama mwanga. Inatoka kama joto. Kitaalamu tunaliita joto linalopotea."

"Linapotea, linakwenda wapi?"

"Linapotea tu, Shangazi. Hewani. Halina kazi."

"Haya, Profesa." Jina hilo amenipa tangu darasa la pili, na hajawahi kulitamka bila kunikebehi. "Na dawa yake?"

Dawa ilikuwa inapita nje, juu ya pikipiki yenye kipaza sauti: "Leta ya kizamani, uchukue ya kisasa! Ofisi ya mtaa, leo tu! Balbu za kubana umeme, bure kabisa! Leta moja, pata moja!"

Tukatazamana. Neno "bure" lilimfikia Shangazi kama wito wa kanisani.

"Kazifungue zote," alisema. "Isipokuwa ya chumba cha wazazi wako. Ile usiiguse. Baba yako analala inawaka."

Nikachukua kiti nikaanza: sebuleni, ukumbini, jikoni, chooni, barazani. Kila niliposhuka nilitoa hotuba fupi ya kumuaga marehemu. Shangazi alicheka mpaka akashika ubavu. Nyumba ile haikuwa imesikia kicheko kwa muda mrefu, nami nikavimba kichwa.

Nikafika stoo.

Nikasimama. *Usiizime.*

Ndugu zangu, shuleni nilikuwa katibu wa mdahalo. Nikaitisha kikao kichwani. Je, nimeambiwa nisiizime? Naam. Je, kubadilisha ni kuzima? Hapana. Je, Baba akirudi akakuta taa mpya, nyeupe, haili umeme, inawaka usiku na mchana bila mita kupiga kelele, hatafurahi? Atafurahi. Je, kifaranga anataka nini kwa taa? Kuona. Kila mtu anajua kuku haoni gizani.

Hoja ikapita bila kupingwa.

Niliishika balbu, ikaniunguza vidole. Nikaikunjia shati, ikaniunguza kupitia shati. Mungu alinipa ushahidi kwenye ncha za vidole vyangu, nami nilifanya nini? Nilivipuliza. Fuu, fuu. Kisha nikafungua dirisha ili watoto wasikae gizani hata dakika ile ya kwenda na kurudi, sheria isije ikavunjika.

Pale ofisini karani alivaa glavu nzito na miwani kama mchomelea vyuma. Kila balbu ya kizamani aliipokea, akaitumbukiza ndani ya pipa, akaigonga kwa nondo. Puf. Kama mtu anayekohoa kwa adabu.

"Kwa nini unazivunja?" nilimuuliza.

"Wapo wajanja. Wangekuja usiku wakaziiba, kesho wakaniletea hizo hizo."

Nilimheshimu sana kwa fikra hiyo. Nikamkabidhi zetu. Puf, puf, puf. Ya stoo ilikuwa ya mwisho, na ilikuwa bado ina uvuguvugu.

*

Nilifunga dirisha, nikawasha balbu mpya, na sanduku lote likawa jeupe kama chumba cha daktari. Vifaranga wakafumbua macho. Wakanyanyuka wote, wakakusanyika chini yake, wakabanana, wakanyoosha shingo juu, wakaanza kulia kwa pamoja.

"Shangazi! Njoo uone. Wameipenda!"

Akaja, akachungulia. "Mbona wanapiga kelele hivyo?"

"Wanaimba."

"Wanaimba?"

"Mapambio ya shukrani. Angalia walivyojipanga. Sauti ya kwanza, sauti ya pili."

Shangazi alikunja uso. "Mimi kuku nimewajulia kwenye sahani. Mama yako ndiye aliyewajua." Akachungulia tena. "Una hakika?"

"Shangazi, nimesoma."

Hilo ndilo jibu nililompa. Naliandika kama lilivyotoka.

Jioni mvua ikashuka, ile mvua ya ukaidi isiyo na ngurumo wala haraka, na baridi ikaingia chini ya milango. Tulikaa sebuleni chini ya mwanga mpya, Shangazi akisema hata mikunjo ya uso wangu anaiona na mimi sina umri wa mikunjo. Kutoka stoo kwaya iliendelea. Iliendelea tukila. Iliendelea nikipiga mswaki.

Nilipokuwa nakaribia kusinzia, ikanyamaza.

Nikajisemea, wameshalala. Nikajifunika blanketi mpaka kidevuni, nikalala vizuri sana.

*

Alfajiri Shangazi aliniita. Hakuniita Profesa. Aliniita "mwanangu", na hapo hapo nikajua.

Walikuwa kwenye kona. Wamepandiana, mmoja juu ya mwingine, kilima kidogo cha manyoya, kama watu waliogombania mlango mmoja. Juu yao taa yangu ilikuwa inawaka. Nyeupe, safi, haijazima hata sekunde.

"Waamshe," nilisema.

Nikaingiza mkono mwenyewe. Wa juu alikuwa baridi kama kijiko. Wa pili hivyo hivyo. Niliwatoa mmoja mmoja nikawapanga kwenye gunia, na kila niliyemtoa nilimwomba radhi, hata sijui kwa nini nilikuwa nanong'ona.

"Nani aliwafanya hivi, Shangazi? Ni ugonjwa?"

Alinyoosha kiganja chake chini ya balbu mpya. Akakigeuza. Akakiacha hapo muda mrefu, akingoja kitu ambacho hakikuja.

"Ni ya baridi," alisema. "Taa yako ni ya baridi."

"Lakini mwanga..."

"Mama kuku ana mwanga gani? Anawalalia." Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. "Lile joto lako linalopotea, mwanangu. Wao ndio waliokuwa wanaliokota."

Nikakaa chini sakafuni. Shuleni kwetu, juu ya lango, wameandika kwa rangi ya bluu kwamba elimu ni mwanga. Ni mwanga kweli. Niliona kila kifaranga vizuri.

Ndipo chini kabisa ya kilima, pale ambapo wenzake wote walikuwa wamemlalia, kitu kikasema: pii.

Mmoja.

"Mtie kifuani!" Shangazi alipiga kelele. "Ndani ya shati, kwenye ngozi! Usimbane!"

Nikamtia. Alikuwa mwepesi kuliko kifutio. Nilisikia kucha zake zikinikwaruza, taratibu, kama mtu anayebisha hodi asiyetaka kusumbua.

"Kifua chako hakitoshi, ameshaganda," alisema Shangazi. "Inatakiwa ile taa. Kimbia!"

Nilikimbia na mvua. Mkono mmoja nimeushika kwenye shati, miguu haina viatu. Pale ofisini karani alikuwa anazungusha kamba kwenye mdomo wa pipa.

"Balbu," nilisema. "Nataka balbu."

"Zimekwisha, kijana. Ilikuwa jana tu."

"Si mpya. Nataka ya zamani."

Akavua miwani. "Watu wamekanyagana hapa jana kutafuta mpya, wewe unakuja kutafuta kikongwe?"

"Nilikupa ya kwetu. Ya mwisho. Ilikuwa bado na joto, unaikumbuka?"

Sijui aliona nini usoni kwangu. Alifungua kamba, akanionyesha. Ndani ya pipa palikuwa na unga wa vioo, unang'aa kama chumvi.

"Madukani hata usijisumbue," alisema, safari hii kwa upole. "Hawaleti tena. Nani mgonjwa?"

Nilishindwa kusema ni kifaranga. Nikasema, "Mdogo wangu."

Nikiwa njiani kurudi, akili ikanijia. Ilikuwapo moja.

*

Shangazi alikuwa amesimama mbele ya mlango wa chumba cha wazazi wangu kabla sijafika. Naye alikuwa ameifikiria. Tukatazamana.

"Baba yako haizimi ile," alisema.

"Najua."

"Mama yako aliikuta inawaka siku aliyotoka kwenda hospitali. Akasema iacheni, nikirudi usiku nisijikwae. Tangu siku hiyo hajaizima mtu."

"Najua, Shangazi."

Akaniachia njia.

Chumba kilikuwa na harufu ya Mama, ile ya sabuni na dawa ya kuchua. Upande mmoja wa kitanda shuka lilikuwa limevurugika. Upande wa pili lilikuwa limenyooka, hata mto haujabonyea. Na juu ya meza ndogo, taa ya kichwani mwa kitanda, njano, inawangojea watu wawili.

Niliizima mimi. Kwenye nyumba nzima, taa pekee niliyoizima kwa mkono wangu ni ile.

Nikaingoja ipoe kidogo, nikaifungua, nikakimbia nayo stoo, nikaifunga kwenye holda. Ikawaka. Ukuta ukarudi kuwa wa njano kama ulivyokuwa. Nikaweka kiganja chini yake, na polepole likaja, lile joto lisilo na kazi, likanijaa mkononi.

"Linakuja!" nilisema. "Shangazi, linakuja!"

"Taratibu. Ngoja sanduku lipate moto."

Tukangoja. Mle ndani ya shati alikwaruza tena, safari hii kwa nguvu, akalia pii, pii, na mimi nikaanza kucheka na kulia pamoja, machozi yenyewe hasa, ya mwenye haki yake. Nikamwambia Mama, kimoyomoyo, kichwa kimoja, Mama. Tutahesabu kimoja.

Nikainama ili nimtoe nimweke chini.

Nywele zangu zilikuwa zimelowa. Sikuzikausha. Tone likakusanyika kwenye paji la uso, likateleza, nikaliona likidondoka, na bado nilikuwa na muda wa kukumbuka somo la kioo cha moto na maji baridi.

Paa!

Vipande vikatawanyika ndani ya sanduku. Stoo ikawa giza. Shangazi akataja jina la Mungu.

Na nje, getini, tukasikia mluzi.

Ndugu zangu, mluzi ule naujua. Ndio ambao Baba alikuwa akimpigia Mama akitoka karakana, awekewe maji ya kuoga. Sikuwa nimeusikia tangu tumzike.

Tukatoka, nikafunga mlango wa stoo, nikausimamia kwa mgongo. Baba akaingia ukumbini, koti limelowa mabegani, kifuko cha chenga za mchele mkononi.

"Za watoto," alisema akikiinua. "Laini. Nimechagua mwenyewe." Kisha akaniwekea mkono begani. "Wamekukubali. Jumatatu unarudi."

"Asante, Baba."

"Walikataa kwanza. Yule makamu ni mgumu. Nikamwambia, mwalimu, nakupa neno langu: mwanangu amebadilika." Akatabasamu. Alikuwa amenyoa huko huko njiani, kidevuni ana mkato mdogo. "Nikamwambia, hata sasa hivi, ninavyoongea nawe, yuko nyumbani analinda kitu nilichomwachia. Ndipo akanyamaza."

Shangazi aligeukia ukuta.

"Haya, niambie. Taa ya wale watoto, hukuizima?"

"Sikuizima, Baba."

Ni kweli tupu, na sijawahi kusema uongo mkubwa kama ule.

"Safi," alisema, akanyoosha mkono kuupita ubavu wangu, akakishika kitasa cha mlango. "Sogea basi niwape chakula chao."

Sikusogea. Nilikuwa nasikiliza. Ndani ya shati langu, pale alipokuwa akibisha hodi njia nzima, aliyebaki alikuwa ametulia tuli. Na mimi, Profesa, sikujua kama ni kwa sababu amepata joto.